Maisha ya afisa wa jeshi mwenye familia na mwenye imani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayoulizwa zaidi na vijana wanaofikiria kuifanya kazi ya uafisa kuwa kazi ya maisha, wachumba na wenzi wao, wazazi wao, na maafisa ambao tayari wamo kazini na wanaona nyumba au ibada inawaponyoka mikononi. Kanuni za likizo, nyumba, posho na pensheni hutofautiana kati ya jeshi na jeshi, kwa hiyo mambo hayo msomaji ayatafute katika kanuni za jeshi linalomhusu. Yanayojibiwa hapa ni yale yanayofanana karibu kila mahali.

Afisa wa kazi ni nani, na kwa nini jambo hilo liihusu familia?

Afisa ni mwanajeshi aliyepewa kamisheni, yaani mamlaka rasmi ya kuamrisha wengine kwa niaba ya dola. Kamisheni hutanguliwa na mafunzo ambayo urefu wake hutofautiana sana: chuo cha West Point cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1802 sawa na Saint-Cyr cha Ufaransa, huwachukua wanafunzi wake kwa miaka 4, ilhali mafunzo ya msingi ya maafisa pale Sandhurst, Uingereza, ni ya wiki 44. Anayehitimu huanza na platuni yenye askari wapatao 30, baadaye hupewa kombania, yaani kikosi chenye platuni kadhaa, na akifika luteni kanali anaweza kukabidhiwa batalioni yenye mamia ya watu.

Wapo wanaotumikia kwa miaka michache kisha wakarudi uraiani. Afisa wa kazi ni yule anayebaki humo miaka 20, 25 au zaidi, maana yake ni kwamba harusi yake, kuzaliwa kwa watoto wake, masomo yao, na mara nyingi mazishi ya wazazi wake, vyote vitatokea akiwa ndani ya sare. Mchumba wake anapaswa kuelezwa hivyo mapema na bila kupambwa maneno. Hii si shughuli ya kupita ambayo familia itaisubiri iishe ndipo ianze kuishi.

Je, mtu mcha Mungu anaweza kuwa mwanajeshi?

Swali hili ni la zamani kuliko majeshi yote yaliyopo leo, na waumini wa kweli wamelijibu kwa namna tofauti. Waquaker na Wamenno, ambayo ni madhehebu ya Kikristo, kwa mfano, kwa karne nyingi wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya imani, na afisa muungwana hawadharau kwa hilo.

Mapokeo mengine yameruhusu kazi hiyo lakini yakaiwekea mipaka. Katika Injili ya Luka, sura ya 3, askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kuwadhulumu watu na kuwashitaki kwa uongo, akawataka watosheke na mishahara yao. Kornelio wa Matendo ya Mitume, sura ya 10, alikuwa akida katika jeshi la Kirumi, na anatajwa kuwa mcha Mungu pamoja na nyumba yake yote, mtoaji wa sadaka na mtu wa sala. Katika historia ya Kiislamu, Khalifa Abubakar alipokuwa akiliaga jeshi lililokuwa likielekea Sham (eneo la Syria na jirani zake) aliliusia lisiue wanawake, watoto wala wazee, lisikate miti yenye matunda, na liwaache watawa waliojitenga kwa ajili ya ibada.

Linaloonekana katika mifano hii ni kwamba dini hazikuhoji silaha peke yake, bali zilihoji mtu anayeishika: anamfanyia nini asiye na silaha, na anatosheka na nini. Wizi wa posho za askari na upendeleo katika uhamisho viliwaharibu maafisa wengi ambao hawajawahi hata kufyatua risasi vitani.

Afisa hupataje nafasi ya ibada kambini au vitani?

Kwanza ajue dini yake inasema nini hasa kuhusu safari na hatari, kwa maana wengi hujitwisha mizigo ambayo sheria zenyewe zimeipunguza, au hutupa hata ule mdogo uliobaki. Muislamu aliye safarini anaruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne, na Sura ya An-Nisaa, aya ya 102, inaeleza namna jeshi linavyosali kwa zamu mbele ya adui, kundi moja likisali na jingine likilinda, wote wakiwa na silaha zao. Anayesafiri katika Ramadhani anaweza kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Kwa Wayahudi, kuokoa uhai hutangulia amri ya Sabato. Padri wa jeshi huadhimisha misa mahali popote panapowezekana, na boneti ya gari imekuwa altare mara nyingi.

Pili, ibada ya afisa isitegemee hali ya hewa ya kazi. Anayesema atasali kazi ikitulia hatasali, kwa kuwa kazi ya jeshi haitulii. Mazoezi yakiisha huja ukaguzi, ukaguzi ukiisha huja uhamisho. Maafisa waliodumu katika imani kwa muda mrefu huwa na kitu kidogo kisichohamishika, kama zaburi moja kabla ya gwaride la asubuhi au sala ya alfajiri kabla ya kuwasha redio. Kwa maoni yetu, dakika kumi za kila siku zisizokosekana zina nguvu kuliko mfungo mkubwa wa mara moja kwa mwaka.

Kasisi au imamu wa jeshi anafanya kazi gani, na je, anayoambiwa hubaki siri?

Kiongozi wa dini jeshini huvaa sare na mara nyingi hubeba cheo, lakini haongozi askari katika mapigano. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949 unamtaka kila anayepigana amheshimu na kumlinda, na akitekwa hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita. Anaweza kuzuiliwa kwa kadiri tu wafungwa wanavyohitaji huduma yake ya kiroho.

Kuhusu siri, majeshi kadhaa humpa ulinzi mpana zaidi ya ule alionao mshauri mwingine yeyote, na ndiyo maana wenzi wengi wa maafisa humfuata yeye kabla ya kwenda ofisi ya ustawi. Hata hivyo ni busara kumwuliza kabla ya kuanza kusema: haya nitakayokueleza yanaishia hapa? Kiongozi mwadilifu hatakasirishwa na swali hilo.

Kielelezo kinachokumbukwa zaidi cha kazi hii ni cha tarehe 3 Februari 1943, meli ya Dorchester iliyokuwa imebeba askari wa Marekani ilipopigwa torpedo karibu na Greenland. Ndani yake walikuwemo makasisi wanne wenye cheo cha luteni: padri Mkatoliki mmoja, rabi mmoja na wachungaji wawili wa Kiprotestanti. Waligawa maboya ya kuvaa mpaka yakaisha, kisha wakavua ya kwao wakawavisha askari wasiokuwa nayo, bila kuuliza nani ni wa dini gani. Wote wanne walizama na meli.

Je, afisa anaruhusiwa kuwavuta walio chini yake katika dini yake?

Hapana. Kamanda anapomwambia askari wake "karibu Jumapili tusali pamoja", askari hasikii mwaliko, anasikia sauti ya mtu anayeandika ripoti yake ya mwaka na kupanga zamu zake. Afisa aishi imani yake wazi, asiifiche wala kuionea haya, lakini aache mlango wa ibada usimamiwe na kiongozi wa dini. Ahakikishe pia kwamba askari wa imani nyingine, na yule asiye na imani yoyote, wanapata ruhusa, mahali na muda kwa kipimo kilekile. Askari huijua haraka sana dini ya afisa wao kwa jinsi anavyogawa likizo.

Akipewa amri inayopingana na dhamiri yake afanye nini?

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo vijana huyachanganya. Kuna amri usiyoipenda, na kuna amri isiyo halali. Amri ya kuhamia kituo cha mbali mke akiwa mjamzito inaumiza, pengine haina hata busara, lakini ni halali. Afisa anaweza kuomba ifikiriwe upya kwa njia zilizowekwa, na ikithibitishwa anaitii. Amri ya kumpiga risasi mateka au raia ni kitu kingine kabisa. Hati ya mwaka 1945 iliyounda mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Wanazi, ilikataa kwamba kuamriwa na mkubwa kunamwondolea mtu hatia. Kunaweza tu kufikiriwa katika kupunguza adhabu.

Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai nchini Vietnam, askari wa Marekani walikuwa wakiua raia wasio na silaha, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Afisa mteule Hugh Thompson, rubani wa helikopta, aliona hayo kutoka angani, akatua kati ya askari wenzake na kundi la wanakijiji waliokuwa wakijificha, akawaamuru watu wake wawafyatulie wenzao iwapo wangewashambulia raia hao, kisha akaita helikopta nyingine ziwaondoe. Upande wa pili alikuwepo Luteni William Calley, ambaye mwaka 1971 alitiwa hatiani kwa mauaji na ambaye utetezi wake ulikuwa kwamba alitii amri. Wote wawili walivaa sare moja na kukutana na asubuhi ileile. Thompson alidharauliwa na wengi kwa miaka mingi, na nishani ya ushujaa wa siku ile, yenye kutaja alichokifanya kwa ukweli, aliipokea mwaka 1998.

Tunaurudia mfano huu kwa sababu unaonyesha gharama ilivyo. Mwenye imani asitarajie kwamba akitenda haki atashangiliwa, na familia yake isitarajie hivyo pia. Kinachosaidia ni kuwa ameamua kabla. Afisa aliyejadili na mwenzi wake, wakiwa wametulia sebuleni, ni mambo gani hatayafanya hata kama yatamgharimu kazi, hahitaji kuanza kutafuta jibu huku redio ikipiga kelele sikioni.

Ni muda gani wa kutengana unaovumilika?

Mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Khalifa Umar, akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akiimba kwa uchungu wa mume aliyekuwa vitani. Alimwendea binti yake Hafsa akamwuliza mwanamke anaweza kumvumilia mume aliye mbali kwa muda gani, na kutokana na jibu lake akaweka kikomo kwa askari wenye wake. Baadhi ya riwaya zinataja miezi minne, nyingine sita. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24:5, inamwachia mwanamume aliyeoa karibuni mwaka mzima nyumbani bila kwenda vitani, ili amfurahishe mkewe. Watawala hao wa kale walielewa kwamba kutengana ni suala la sera, si udhaifu wa mke fulani.

Siku hizi zamu za misheni, zikiwemo zile za kulinda amani, kwa kawaida huwa za miezi sita hadi mwaka. Huo ni muda ambao ndoa iliyoandaliwa inaustahimili, na isiyoandaliwa huufikia ikiwa imechoka. Maandalizi yenyewe si ya kimapenzi: wosia ulioandikwa na kushuhudiwa, fomu ya ndugu wa karibu iliyosahihishwa (afisa akikuta jina la mchumba wa zamani bado lipo humo, asicheke, aende kulibadilisha leo), akaunti ambayo mwenzi anaweza kutoa fedha, hati za nyumba na vyeti vya watoto katika bahasha moja inayojulikana ilipo. Mambo haya yakiachwa hadi usiku wa mwisho, usiku huo huliwa na makaratasi na ugomvi.

Watoto waambiwe ukweli kwa kipimo cha umri wao. Kutoroka nyumbani alfajiri wakiwa wamelala ili wasilie ni kosa linalofanywa kwa upendo, na madhara yake ni kwamba mtoto huanza kuogopa kulala. Afadhali alie mlangoni akiwa ameshikwa.

Akiwa mbali, afisa abakije kuwa baba au mama?

Aandike, azungumze, na aulize mambo madogo. Swali la "hamjambo huko?" hujibiwa "hatujambo" na mazungumzo hufa hapo. Baba anayeuliza kama jino lililokuwa linalegea upande wa kushoto limeng'oka, au kama mwalimu amerudisha daftari la hesabu, anamwonyesha mtoto kwamba bado anaishi nyumbani humo. Kila mtoto apate ujumbe wake mwenyewe, hata kama ni mistari mitatu, kwa sababu salamu za jumla humwendea mkubwa na kumpita mdogo. Tarehe ya kurudi isitangazwe mpaka iwe ya hakika, kwani safari za jeshi huahirishwa na mtoto haelewi kuahirishwa. Anaelewa kwamba aliahidiwa.

Dwight Eisenhower, jenerali wa Marekani ambaye baadaye alikuwa rais, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ambapo alikuwa na mamilioni ya askari chini yake, alimwandikia mkewe Mamie mamia ya barua, na nyingi zilizungumzia mambo ya kawaida ya watu waliooana muda mrefu. Kama yeye alipata muda, ni vigumu kumwonea huruma meja anayesema ameshindwa.

Kwa familia za waumini kuna jambo moja ambalo halihitaji hata mtandao: kukubaliana saa au somo moja la sala. Mama na watoto wanasoma zaburi fulani au wanasali maghribi, na baba huko aliko anafanya vivyo hivyo kwa saa zake. Mwenzi anayebaki ndiye anayebeba ibada ya nyumba katika miezi hiyo, kazi ambayo huwa haiingizwi katika hotuba za kupongeza.

Kwa nini kurudi nyumbani huwa kugumu kuliko kuondoka?

Kwa sababu kila mmoja amemngojea mtu ambaye hayupo tena. Afisa anarudi kwa mke aliyemwacha akiuliza kila kitu, anamkuta ameshabadilisha shule ya mtoto, amemfukuza fundi mwizi, amenunua pampu ya maji. Mke anampokea mume aliyemkumbuka akicheka, anamwona amekaa akitazama mlango. Jioni ya pili binti anataka kwenda kwa jirani. Baba yupo sebuleni, anampita, anakwenda jikoni kumwomba mama ruhusa. Hakukusudia kumdharau. Kwa mwaka mzima ruhusa zimekuwa zikitolewa jikoni.

Hapo ndipo maafisa wengi hukosea, kwa kutaka kurudisha mamlaka kwa mkupuo. Mtu aliyezoea kutii na kutiiwa huanza kukagua vitanda, kupanga saa za kuoga, kumsahihisha mwenzi mbele ya watoto. Nyumba si kombania, na mke si msaidizi wa kamanda. Ushauri ambao umewafaa wengi ni kukaa wiki kadhaa kama mgeni mwenye adabu: kuuliza mambo yanaendeshwaje sasa, kuchukua kazi moja au mbili zinazochosha, kama kuwapeleka watoto shule, na kuacha maamuzi mengine yarudi polepole yenyewe. Mwenzi naye akubali kuachia baadhi ya vitu, hata kama vinafanywa vibaya kidogo kuliko alivyovifanya yeye.

Usingizi, mguso na sauti kubwa vipewe muda. Mume asiyelala kitandani usiku wa kwanza baada ya misheni huenda hana mwanamke mwingine wala hasira yoyote. Mwili wake bado uko lindo.

Imani inatosha kuponya majeraha ya vita?

Inasaidia sana, na haitoshi peke yake katika kila hali. Mfadhaiko unaofuata kiwewe uliingizwa rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya miaka ya kuwahudumia wapiganaji waliorudi kutoka Vietnam. Ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kukwepa watu na pombe iliyozidi ni dalili zinazotibika, na afisa anayekwenda kwa daktari hajamkana Mungu wake, kama vile asivyomkana anapofungwa plasta mguu uliovunjika.

Liko pia jeraha la dhamiri, ambalo daktari wa akili Jonathan Shay alianza kulieleza katika miaka ya 1990, na watafiti wa baadaye wakalipanua: maumivu ya mtu aliyetenda, aliyeshuhudia au aliyeshindwa kuzuia jambo linalokiuka kile anachokiamini kuwa haki. Dawa ya usingizi haimfikii mtu huyu pale anapoumia. Hapa toba, kitubio, mazungumzo marefu na kiongozi wa dini, na pengine kufanya fidia inayowezekana, hufanya kazi ambayo hospitali haikuumbiwa. Kiongozi mzuri wa dini humtuma mtu kwa daktari, na daktari mzuri humtuma kwa kiongozi wa dini. Anayemwambia mgonjwa achague mmoja kati yao anamdhuru.

Cheo kikichelewa, au familia ikitaka kuhama kusimame, afanyeje?

Eisenhower alifika cheo cha meja mwaka 1920, na cha luteni kanali hakukifikia hadi 1936. Katika kipindi hicho yeye na mkewe walihama mara kwa mara, baada ya kumzika mtoto wao wa kwanza aliyefariki kwa homa ya skarleti Januari 1921 akiwa na miaka 3. Miaka minane baada ya kupata uluteni kanali alikuwa akiongoza uvamizi wa Normandy, Ufaransa, dhidi ya Wajerumani. Kisa chake hakimwahidi kila meja aliyekwama kwamba atakuwa jenerali. Wengi watastaafu na cheo walicho nacho. Kinachofaa kuigwa ni namna alivyoifanya kazi ya cheo kidogo bila kuihujumu. Katika historia ya Kiislamu, jemadari Khalid bin Walid aliondolewa ukamanda mkuu na Umar akiwa katika kilele cha ushindi wake, akaendelea kupigana chini ya Abu Ubaida, aliyechukua nafasi yake.

Kuhusu kuhama, ni halali afisa akaomba kubaki kituo kimoja wakati mtoto anafanya mitihani mikubwa au mwenzi anaugua, hata kama itamchelewesha. Atambue kwamba bei ipo, ailipe kwa hiari, na asije akamkumbusha mkewe miaka kumi baadaye.

Na ikiwa mtoto ni mlemavu au mgonjwa wa muda mrefu?

Charles de Gaulle, afisa wa Ufaransa ambaye baadaye alikuwa rais, alikuwa akiongoza batalioni huko Trier, Ujerumani, binti yake Anne alipozaliwa tarehe 1 Januari 1928 akiwa na hali inayojulikana kama Down, ulemavu wa kuzaliwa unaochelewesha ukuaji wa akili. Zama hizo familia nyingi zenye nafasi ziliwaficha watoto wa namna hiyo katika taasisi. De Gaulle na mkewe Yvonne, Wakatoliki wote wawili, walimlea nyumbani. Alipohamishiwa Beirut mwaka 1929, Anne alikwenda pamoja nao. Mtu huyo aliyesifika kwa ukavu na kujitenga alikuwa akimwimbia binti huyo na kumchezea kwa namna ambayo wageni hawakuitegemea. Katika miaka ya 1940 wazazi hao walianzisha taasisi yenye jina la Anne kwa ajili ya wasichana wenye ulemavu wa akili. Anne alifariki Februari 1948 akiwa na miaka 20, na baba yake, kama alivyoagiza katika wosia wake, alizikwa mwaka 1970 pembeni yake katika makaburi ya kijiji cha Colombey, bila mazishi ya kitaifa.

Kwa upande wa utendaji, afisa mwenye mtoto wa aina hii aijulishe ofisi ya utumishi mapema na kwa maandishi. Majeshi kadhaa huzingatia hospitali na shule maalumu kabla ya kumpangia mtu kituo, lakini haliwezi kuzingatiwa jambo lililofichwa kwa sababu ya aibu au hofu ya kupoteza cheo.

Je, mambo haya ni tofauti afisa anapokuwa mama?

Kiini ni kilekile, hukumu za watu ndizo tofauti. Baba anayekwenda misheni huitwa shujaa, mama huulizwa watoto amemwachia nani. Mume wa afisa naye hukuta vikundi vya wenzi vimejaa wake watupu, na hana pa kusemea uchovu wake. Jumuiya ya waumini inaweza kufanya jambo hapa: kumsaidia baba anayelea peke yake kwa moyo uleule inavyomsaidia mama, na kuacha kumhoji mke wake kila akirudi.

Wazazi wazee wahesabiwe vipi?

Mtu mmoja alimwendea Mtume Muhammad kuomba ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu ndiyo, aliambiwa jihadi yake iwe katika kuwatumikia wao. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Afisa wa leo hawezi kuacha kituo kwa kila homa ya mama yake, lakini anaweza kukubaliana na ndugu zake nani anakaa karibu na nani anatoa fedha, na kutumia sehemu ya likizo kwa wazazi hata pale wakwe na ufuo wa bahari vinapovutia zaidi.

Familia hujulishwaje afisa anapofariki?

Majeshi mengi hutuma watu, hayapigi simu. Afisa mwenye sare, mara nyingi akiwa na kiongozi wa dini, huenda mlangoni, huhakikisha anaongea na mtu aliyetajwa katika fomu, na husema wazi kwamba amefariki, kwa kuwa maneno ya kuzungukazunguka humfanya mjane ashikilie tumaini lisilokuwepo. Hukaa mpaka ndugu au jirani afike. Fomu ikiwa na anwani ya nyumba ya zamani, watu hao hugonga mlango wa wageni, na habari inaweza kumfikia mke kupitia simu ya mtu mwingine kabla yao.

Wanajumuiya wafike mapema na wabaki muda mrefu. Wiki ya mazishi huwa na watu wengi. Mwezi wa tano, mjane anapoambiwa kwamba muda wake wa kuishi katika nyumba ya kambi umekwisha, huwa amebaki na wachache.

Afisa ajiandaeje kustaafu?

Aanze miaka mitatu au minne kabla. Kiinua mgongo kipangiwe pamoja na mwenzi, kwa maandishi, kabla marafiki wenye mawazo ya biashara hawajaanza kuja. Ujuzi wa jeshi uandikwe kwa lugha ambayo mwajiri wa kiraia anaielewa: kusimamia watu 120 na vifaa vyao ni kazi inayojulikana hata nje ya kambi.

Kisha kuna suala la jina. Mtu aliyeitwa "afande" kwa robo karne anaweza kuishi vibaya akiwa mzee wa kawaida katika foleni ya benki, na msikitini au kanisani akajaribu kuongoza kamati kwa sauti ya uwanja wa gwaride. Akubali kupewa kazi ndogo huko kwanza, kama kupanga viti au kufundisha watoto. Na mwenzi wake, ambaye kwa miaka yote alihama, akaacha ajira na kuanza upya kila kituo, sasa awe wa kwanza kuchagua watakapoishi.

Mtoto wetu naye anataka kuwa afisa. Tumruhusu?

Mruhusuni aamue akiwa ameona pande zote, pamoja na zile jioni ambazo simu haikulia. John Eisenhower alihitimu West Point tarehe 6 Juni 1944, siku ambayo baba yake alikuwa akipeleka majeshi Normandy, na aliingia kazi hiyo akijua vizuri imechukua nini nyumbani kwao. Msimsukume ili kuendeleza jina la ukoo, wala msimzuie kwa sababu ya uchovu wenu. Mwambieni azungumze na mama yake kwa muda mrefu kama anavyozungumza na baba yake kuhusu kazi hiyo, kisha ajaze fomu mwenyewe.